Sauti ya Mwalimu Rudia

Ukitaja mwalimu wa kompyuta, watu huwaza kijana mwembamba mwenye miwani na simu mbili. Huyu wetu hakuwa hivyo hata chembe. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na moja, mnene wa kiasi, mwenye vidole vigumu, na ugumu huo aliupata kwa kupiga taipu. Miaka kumi na saba alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya usajili, mahali ambapo ukikosea herufi moja kwenye hati unachana karatasi nzima na kuanza upya huku bosi anakukodolea macho. Siku mashine yake ilipobebwa na wanaume wawili kupelekwa stoo, na mezani pake ikawekwa kompyuta, aliingia chooni akalia. Kisha akanawa uso, akatoka, akampigia simu binti wa dada yake amwelekeze namna ya kuiwasha. Tuseme ukweli, ndivyo alivyoumbwa: mtu wa kulia kidogo na kufanya kazi sana.

Alipoiacha ofisi ile, aliingia shuleni kama karani wa kuchapa mitihani. Mwaka wa tatu likaja lori na kompyuta kumi na moja za msaada, zilizokwisha kuchakazwa huko zilikotoka. Mwalimu mkuu akauliza nani anazifahamu. Mwalimu wa hesabu akatazama dari. Mwalimu wa sayansi akakumbuka ghafla kwamba ana kipindi. Karani akasema, "Mimi naweza kuziwasha." Basi, kwa maneno hayo matatu akawa mwalimu. Cheti alikuja kukipata baadaye, likizo baada ya likizo, akiwa amekaa darasani na watoto wa rika la wanawe.

Alipewa wanafunzi arobaini na wanne wa miaka kumi na tatu na kumi na nne, umri ule ambao sauti ya mtoto inakatika katikati ya salamu na mwenyewe anaamini hakuna asilolijua. Walikaa wanne kwa mashine moja: mmoja ashike kipanya, mmoja kibodi, mmoja asome maelekezo, wa nne azuie ugomvi. Kila baada ya dakika kumi mwalimu alipiga makofi, wakabadilishana. Aliwafundisha kuandika barua, kupanga picha, kukata video, kurekodi sauti na kuisafisha. Na hapakuwa na kazi iliyokwisha kwake bila masahihisho. Ukipata kumi na nane kwa ishirini, zile mbili utazitafuta mpaka uzipate. "Rudia," alisema, na neno hilo likawa jina lake. Alijua wanamwita Mwalimu Rudia, wala halikumuudhi.

Zoezi lililomletea balaa lilisababishwa na mwalimu wa michezo. Bwana huyu alipokea kwenye simu sauti ya daktari fulani mkubwa ikisema kwamba glasi tatu za maji ya chumvi kila asubuhi huondoa kitambi. Akanywa siku nne. Siku ya tano alitapika mbele ya timu nzima ya mpira. Walimu walipomcheka, alijitetea kwa ukali: "Nimemsikia kwa masikio yangu mwenyewe!" Wengine waliendelea kucheka, lakini Mwalimu Rudia aliacha. Alijiuliza, kama mtu mzima mwenye shahada anakunywa chumvi kwa sababu ya masikio yake, hawa wangu arobaini na wanne watakunywa nini?

Jumatano akasimama mbele ya darasa na kinasa sauti, akasoma kurasa mbili alizoziandika mwenyewe. Humo mlikuwa na kanuni za chumba na shukrani kidogo. Watoto hawa ni hazina. Wazazi wanatuletea mapazia na viti, tunawashukuru. Takataka zote zitupwe kwenye ndoo iliyo mlangoni. Mambo kama hayo, ya kusinzisha. Kisha akawagawia sauti ile kwenye mashine zote.

"Sasa kateni, pangueni, pangeni upya," aliwaambia. "Nataka nisikie sauti yangu ikisema jambo ambalo mimi siwezi kulisema. Mkiweza kulitengeneza wenyewe, hamtaamini ovyo mtakaloletewa."

Loo, siku hiyo walicheka! Kundi la kwanza lilimfanya aseme kwamba ndoo iliyo mlangoni ni hazina. Kundi la dirishani likamtangazia kila mtu kwamba wazazi watupwe kwenye viti. Mwalimu wa jiografia aligonga ukuta kuomba utulivu. Mwalimu Rudia mwenyewe alikuwa anafuta machozi ya kicheko alipofika mashine ya kumi na moja, ile iliyo pembeni, ambapo msichana mmoja alikuwa peke yake kwa sababu wenzake watatu walikuwa uwanjani.

Msichana huyu wenzake walimwita Kimya. Hakuwa bubu, ila maneno yake kwa wiki yangeenea kiganjani. Alibonyeza kitufe, akashusha macho.

"Watoto hawa ni takataka," ikasema sauti ya Mwalimu Rudia. "Wazazi wanatuletea takataka. Tunawashukuru."

Darasa zima likanyamaza. Hata kundi la dirishani, ambalo halikuwahi kunyamaza tangu muhula uanze. Mwalimu alihisi mwili unamsisimka kuanzia kisogoni mpaka viganjani, kwa maana ile haikuwa sauti ya kuchezewa, ilikuwa yeye. Na lile neno la shukrani, alilolisema kwa moyo mweupe, lilikaa mwishoni likiwa kejeli tupu.

"Hebu tena," alisema. Akainama, akasikiliza kwa makini ya kitaalamu. Akaguna. "Kumi na tisa. Hapa kabla ya 'wazazi' nimevuta pumzi mara mbili. Mtu havuti pumzi mbili bila kusema neno katikati. Ulikata vizuri, lakini uliacha mkia. Masahihisho."

Kimya akatabasamu, jambo ambalo nalo lilikuwa habari. Ijumaa mchana alibaki nyuma dakika ishirini na mashine yake. Baada yake mwalimu akafanya alichokifanya kila Ijumaa: akafuta kazi zote za wiki kwenye mashine zote, kwa kuwa zilikuwa kuukuu na kumbukumbu zao zilijaa upesi. Akafunga mlango, akaenda zake nyumbani.

Jumatatu alipoingia chumba cha walimu alisalimia, wala hakuitikiwa. Akadhani hawakusikia, akasalimia tena. Mwalimu wa jiografia alisogeza kiti chake nusu hatua. Ni mama wa usafi aliyemfuata mpaka kwenye kabati, fagio mkononi, macho yamemwiva.

"Mwalimu, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini mjukuu wangu yuko darasani kwako. Kweli umemwita hivyo?"

"Nimemwita vipi?"

Mama wa usafi akatoa simu mfukoni. Sauti ikasema ilichosema. Mwalimu Rudia alishusha pumzi, akacheka kwa nafuu. "Aah! Hiyo ni kazi ya darasani, mama yangu. Ni zoezi."

Alikuwa anacheka peke yake. Alitazama sura moja baada ya nyingine, akaona kwamba hakuna hata mmoja aliyemwamini. Hata mwalimu wa michezo, mtu wa maji ya chumvi, alikuwa anatikisa kichwa kwa masikitiko. Aliwahi kushtuka maishani mwake, lakini hakuwahi kushtuka kwa kusikia sauti yake mwenyewe ikimkana.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakuwa na simu. Tangu Jumamosi sauti ile ilikuwa imepita kwenye makundi ya simu: kundi la wazazi, kundi la ibada, kundi la wafanyabiashara wa sokoni, ikarudi kundi la wazazi ikiwa na hasira zaidi. Yeye hakuwa kwenye kundi lolote. Kutwa nzima alikaa na skrini, jioni hakutaka kuiona nyingine.

Nyumbani aliishi na mama yake, bibi wa miaka sabini na minane mwenye masikio makali kuliko ya paka. Alimkuta amekaa kitandani, mikono mapajani.

"Jirani amenisikilizisha," alisema bibi.

"Mama, si mimi."

"Nimekuzaa mimi. Umelia mbele yangu, umeimba mbele yangu, umenijibu ovyo ulipokuwa na miaka kumi na tano nikakuzaba kofi. Hiyo ni sauti yako."

"Sauti ni yangu, mama. Maneno si yangu."

Bibi alimtazama kwa muda mrefu, si kwa ukali, na hilo ndilo lililomkata maini. "Mwanangu, maneno ya mtu yanatoka wapi kama si kwenye sauti yake? Kama ulichoka, sema ulichoka. Watu watakusamehe."

Mama mzazi! Akaenda jikoni, akafungua bomba, akasimama akitazama maji yakienda bure.

Asubuhi yake mwalimu mkuu alimwita ofisini na kufunga mlango. Alikuwa mtu mwema anayeogopa wazazi, na wema wa namna hiyo una kikomo. Alimsikiliza mpaka mwisho, habari za zoezi na kumi na tisa na yote.

"Mimi nakuamini," alisema. "Lakini wazazi sitini na tatu wamesaini uondoke. Alhamisi wanakuja. Sasa sikiliza. Kanuni ya shule inasema mwanafunzi anayeghushi saini ya mwalimu anafukuzwa. Sauti nayo ni saini. Niandikie jina moja hapa." Akamsogezea karatasi nyeupe. "Nitalisoma mbele yao, mtoto ataondoka, shauri litaisha."

"Lakini zoezi nililitoa mimi."

"Hilo usilitamke! Ukisema ulifundisha watoto kughushi, hata mimi sitaweza kukuokoa. Ama jina la mtoto, ama lako. Chagua."

Alitoka na karatasi ile mkononi. Hakujua ipi ilimshtua zaidi, kwamba mkuu alikuwa radhi kumtupa mtoto, au kwamba yeye mwenyewe, kwa hatua tatu nzima za ukumbini, alilifikiria.

Jioni alikwenda kwa kina Kimya. Mama yake alikuwa mshonaji, wanaishi chumba kimoja, cherehani iko dirishani na vitambaa vimepangwa mpaka juu ya kabati. Mwalimu hakuwahi hata kukaa vizuri, mshonaji akapiga magoti sakafuni.

"Ni mimi, mwalimu. Nisamehe. Mimi ndiye niliyeituma."

"Inuka, mama. Inuka tuongee."

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi, tena cha kuumiza. Kimya alikuja na sauti ile Ijumaa kwenye flashi, kile kijiti cha kumbukumbu, akaiingiza kwenye simu ya mama yake, ili aonyeshe alivyofanya. Mshonaji akafurahi. Mtoto asiyesema, leo kawa na kazi ya kusikika! Akaituma kwa dada yake na maneno haya chini yake: sikiliza kazi ya mwanao, kapata kumi na tisa. Dada akacheka, akaituma kwa rafiki. Rafiki akaituma kwingine. Kwenye simu ya tatu maneno yalibaki nyuma, sauti ikaendelea na safari peke yake.

"Nilirudia, mwalimu," alisema Kimya. Alikuwa amejibanza nyuma ya cherehani, machozi yanamdondoka kidevuni. "Ulisema nirudie. Ile pumzi niliitoa."

Mwalimu Rudia akaketi hapohapo sakafuni. Tangu jana alikuwa amejifariji kwamba kuna kasoro moja, mkia ule wa pumzi mbili, na kwamba mtu yeyote akielekezwa atausikia. Kumbe haupo. Aliuondosha yeye mwenyewe, kwa kalamu nyekundu. Na hapo, hata aibu kulisema, moyo wa ualimu ukamruka kifuani: basi kazi hii ilistahili ishirini.

"Umefanya vizuri," alimwambia. Ndiyo maneno pekee aliyoyapata, na yalikuwa ya kweli.

Alhamisi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mwenyekiti wa wazazi, bwana mwenye kifua kipana na maneno mengi, alihutubia dakika ishirini juu ya malezi, heshima na majukumu, na katibu akamrekodi kwa simu ili aandike kumbukumbu za kikao. Mwishowe mwalimu mkuu akanyanyua mkono kumwashiria Mwalimu Rudia alete karatasi.

Akaileta. Ilikuwa na jina moja, lake mwenyewe.

"Sauti ile imetengenezwa na mwanafunzi," alisema, "kwa sababu nilimwagiza. Zoezi ni langu. Nililisikiliza, nikalisahihisha, nikatoa alama." Akafungua daftari la alama juu ya meza. "Kama kuna wa kuondoka, ni huyu hapa mbele yenu."

Alitegemea kelele za hasira. Zilikuja za dhihaka. "Anasingizia watoto!" alipayuka mmoja. "Mtoto wa miaka kumi na tatu anaweza haya?" aliuliza mwingine. Daftari, walisema, mtu anaweza kuliandika usiku mmoja, na watoto wa darasa lake wamekaririshwa la kusema. Akacheza kwenye kinasa sauti zile kurasa mbili alizozisoma mwanzo. Wakasema hizo kazisoma jana. Ndipo akasimama baba mmoja mpole, fundi wa redio, ambaye kila mtu alimheshimu. Aliomba hedifoni. Aliisikiliza sauti mara tatu macho yamefumbwa, ukumbi mzima ukimsubiri.

"Mwalimu, mimi sikuchukii," alisema. "Nimeshughulika na sauti miaka thelathini na miwili. Mkanda ukikatwa na kuungwa, kuna mahali panaruka. Hapa hapana. Hii ni sauti nzima, imetoka kwenye kinywa kimoja kwa mara moja."

Uongo sasa ulikuwa na shahidi mtaalamu, tena mwaminifu. Mwalimu Rudia alishika ukingo wa meza. Akajua amekwisha, na mtoto naye hakuokoka, kwa kuwa siku moja mtu atamtaja tu.

"Mnipe dakika kumi na tano."

Watu waligeuka. Kimya alikuwa amesimama karibu na mlango, mama yake anamvuta sketi akae. Hakukaa. "Na simu ya katibu," aliongeza, akawa ameshamaliza maneno yake ya wiki.

Walimruhusu kwa kutaka kumwona akishindwa, hilo sifichi. Ililetwa mashine moja na spika. Mwalimu Rudia alikwenda kusimama nyuma ya kiti chake, mikono mgongoni, asije akaambiwa amesaidia. Ukumbi ulinong'ona, ukakohoa, ukanyamaza. Vidole vya mtoto vilikwenda bila haraka. Mara moja tu alisita, akarudi nyuma, akatoa kitu kidogo mno ambacho mwalimu peke yake alikijua. Kisha akabonyeza.

"Ndugu wazazi," ikasema sauti nene ya mwenyekiti, "mimi nimeshindwa malezi. Sina heshima. Naomba majukumu haya apewe mwanafunzi."

Mwenyekiti aliruka kutoka kitini. "Sijasema! Mimi sijasema hayo!"

"Umesema, baba," alisema mke wake kutoka safu ya pili, naye amepigwa na butwaa. "Nimekusikia."

Kikapasuka kicheko kimoja kikubwa, kikafa hapohapo. Watu walitazamana. Fundi wa redio alikuwa amerudia kuvaa hedifoni. Alisikiliza mara moja, mara mbili, akazivua polepole na kuziweka mezani. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa kwamba nyumba aliyokaa miaka yote haina msingi. "Hakuna mahali panaporuka," alisema kwa sauti ya chini. Mama mmoja alitoa simu yake mkobani, akaitazama, akaifunika na kanga aliyojitanda. Hakuna aliyempongeza Kimya. Waliogopa.

Hivyo ndivyo mwalimu na mwanafunzi walivyobaki shuleni wote wawili. Karatasi ya mkuu ilichanwa. Mwenyekiti, ambaye bado alikuwa anajishika koo kana kwamba limeibwa, alitoa sharti moja: mwalimu aseme ukweli kwa sauti yake, sauti hiyo itumwe kila ilikofika ile ya kwanza. Wote wakakubali. Ilionekana ni jambo jepesi.

Alirekodi kesho yake katika chumba cha walimu. Alikuwa hajalala siku nne. Alianza, akakohoa, akaendelea. Kengele ikalia, akasubiri. Alipofika mahali pa kusema "nawapenda watoto hawa" sauti ikamkatika, ikabidi avute hewa na kuanza tena sentensi. Kimya alikuwa ameshika kinasa sauti.

"Nikusafishie, mwalimu?" aliuliza. "Nitoe kikohozi tu. Na kengele."

"Usiguse!" Alishangaa mwenyewe kwa ukali wake, akamshika mtoto bega. "Hii iende ilivyo. Nimechoka kukatwa."

Ikaenda ilivyo. Jumapili mchana majibu yakaanza kurudi, na mama wa usafi, ambaye sasa alikuwa rafiki yake wa damu, akaja nyumbani kumsomea. Mwalimu Rudia alikuwa anakunja nguo. Alimwambia asome yote, asiruke.

"Huyu anasema, hii ya pili imetengenezwa, sikilizeni inavyorukaruka. Huyu anasema, shule imetumia kompyuta kumsafisha, hata wao wenyewe wamekiri wanajua kuzitumia. Huyu... mwalimu, niendelee?"

"Endelea."

"Huyu anasema, mimi mwalimu yule namfahamu, huongea kwa kunyooka. Ile ya kwanza ndiyo yeye. Hii ni ya kughushi." Mama wa usafi alishusha simu. "Na wote wanasema hivyohivyo."

Shati alilokuwa analikunja lilimwanguka. Alimgeukia mama yake, aliyekuwa amekaa kitini pake na kusikiliza yote. Tangu Alhamisi bibi alikuwa amekwisha kuelezwa, na kuamini, na kuomba radhi, na kulia.

"Mama, icheze mwenyewe usikie. Hii ni mimi kabisa. Hakuna aliyeigusa."

Bibi akaicheza, akasikiliza mpaka mwisho, kichwa ameinamisha.

"Nakuamini kwa sababu uko mbele yangu," alisema hatimaye. "Lakini nikikujibu kwa masikio tu, mwanangu, huyu mwoga wa humu simuni simjui. Yule wa kwanza ndiye niliyemzaa."

Mwalimu Rudia alibaki amesimama. Kuna mshtuko wa kupiga kelele, na kuna ule ambao mtu hupepesa macho tu, basi. Huu ulikuwa wa pili. Aliokota shati, akalikunja, akaliweka juu ya mengine. Kisha akavaa viatu, akachukua daftari la anwani za wazazi, akatoka nje.

Alikwenda nyumba kwa nyumba. Kwenye mlango wa kwanza walimfungia. Wa pili walimkaribisha ndani, wakamwamini. Wa tatu walimsikiliza kupitia dirishani. Alisema maneno yaleyale kwa kinywa chake, bila kusoma, akiwatazama machoni, na aligundua kwamba wakimwona uso, nusu ya hasira inaondoka kabla hajamaliza salamu. Hadi mlango wa sita alikuwa ameanza kupata nguvu.

Kwenye mlango wa saba alikuta mama mmoja anafua uani. Alijifuta povu mikononi, akamletea kigoda, akamsikiliza neno kwa neno. Alipomaliza, yule mama alikuwa analia.

"Pole, mwalimu. Pole sana jamani. Kumbe! Na sisi tulivyokusema!" Akainuka upesi, akaingia ndani, akatoka na simu, akaielekeza usoni pa mwalimu. Taa ndogo nyekundu ikawaka. "Hebu anza tena pale mwanzo, kama ulivyosema sasa hivi. Nakurekodi nimtumie dada yangu, naye aliiamini ile."

Mwalimu Rudia alifungua mdomo. Akakumbuka ile sauti iliyosafiri peke yake, akaufunga.

"Sema tu, mwalimu," yule mama alimhimiza kwa upole. "Inarekodi."

Alinyoosha mkono, akaishusha simu taratibu mpaka kiunoni pa mwenyewe.

"Dada yako anakaa wapi?"

"Mbali, mwalimu. Mpaka ubadilishe gari mara mbili."

"Nielekeze," alisema, akafungua daftari.